Ufunguo wa Geti Uko Wapi?

Wanangu mliojenga Goba, Madale na Kibada, mnaobonyeza rimoti mkiwa bado barabarani na geti likajisogeza kama linawaamkia, nina swali moja. Ufunguo wa mota uko wapi? Sisemi rimoti. Nasema ule ufunguo mdogo ambao fundi aliwakabidhi siku ya kumlipa, mkaitikia "sawa fundi" huku macho yenu yako kwenye geti jipya.

Wangu ulikuwa Dodoma.

Usiku wa kuamkia Jumatatu ya Pasaka, Aprili 1, 2024, gridi ya taifa ilizimika, na usiku huo huo presha ikampanda mama yenu. Nikamwingiza kwenye gari, nikawasha, nikabonyeza rimoti. Kimya. Nikabonyeza tena, nikanyoosha mkono dirishani kama mtu anayetafuta mtandao kijijini. Betri ya akiba iliyomo ndani ya mota ilishakufa siku nyingi, na nani angejua, wakati umeme ulikuwepo? Ufunguo ulikuwa kwenye bunda la funguo za kaka yenu, aliyekwenda kula sikukuu kwa wakwe zake. Tukamtoa mama kwa mlango mdogo, tukamkokota taratibu mpaka kijiweni, kijana wa bodaboda akatutafutia bajaji. Gari likabaki uani, taa zinawaka, linatazamana na geti. Mama yenu mzima, alhamdulillahi, na kila penye shughuli huwasimulia watu kisa hiki, akiigiza nilivyokuwa nikibonyeza.

Sitawaletea habari za asiyesikia la mkuu, mmezichoka. Nitawaeleza geti.

Geti la kuteleza halina uchawi. Chini lina roli zinazopita kwenye reli, ubavuni lina ukanda wa meno, na mota ina gia inayouma meno hayo. Gia ikiwa imeuma, hata mkikusanyika wanaume wanne mtaishia kuvunja meno. Kazi ya ufunguo ni kuiachisha gia: unazungusha, kisha unavuta kishikio au kufungua kijimlango, kutegemea na mota yenyewe. Lakini kwanza zima swichi yake. Umeme wetu hauagi ukiondoka wala haupigi hodi ukirudi, usije ukakuta vidole vyako viko kwenye gia.

Gia ikishaachia, ogopeni uzito. Geti la chuma hufika kilo mia kadhaa, na sasa halina wa kulizuia. Reli ikiwa na mteremko kidogo tu, litaondoka lenyewe. Lisukume polepole, usikimbie nalo, na pasiwe na mtoto njiani kwake. Halafu tazameni mwisho wa reli: pana kizuizi cha chuma? Wapo mafundi wasiokiweka, kwa kuwa mota yenyewe inajua pa kusimama. Mkono haujui. Ukilisukuma kwa pupa gizani linapitiliza, linatoka kwenye roli za juu zinazolishikilia, linaanguka. Geti la namna hiyo likimwangukia mtu, hasa mtoto, hakuna cha kusimulia. Kama kizuizi hakipo, mwiteni fundi wa kuchomelea leo, si mwisho wa mwezi.

Geti la milango miwili ni jepesi zaidi, ila upepo hulichezea. Liwekeeni jiwe.

Na ukishapita? Geti ulilolifungua kwa mkono halijafungwa, limeegeshwa tu. Mwizi atalisukuma bila jasho. Mnyororo na kufuli viwe karibu. Umeme ukirudi, lirudishe mpaka mwisho, rudisha kishikio, lisukumesukume kidogo mpaka usikie gia imeuma, ndipo uwashe swichi. Wengi husahau hapa, wakalala wakidhani wamejifungia.

Najua kuna atakayesema, mzee, umeme utarudi tu. Utarudi, ndiyo. Unguja walikaa gizani kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, tatizo la waya wa chini ya bahari. Betri gani ya geti ingevumilia hiyo? Hata betri nzima huchoka kwa joto letu baada ya miaka michache, kwa hiyo mara moja kwa mwezi zimeni swichi kwa makusudi, mbonyeze rimoti muone. Na wewe unayechora ramani ya nyumba sasa hivi, usiache mlango mdogo eti kupunguza gharama. Mota iko ndani ya ukuta, na siku moja wewe utakuwa nje.

Kwangu ufunguo umetundikwa msumarini nyuma ya mlango wa jikoni, haramu kuuchanganya na funguo za mtu. Jumamosi iliyopita nilizima swichi kimyakimya, nikamwambia mjukuu wangu wa kidato cha nne atoe gari. Akatafuta ufunguo kwa mwanga wa simu, akaachisha gia, akafungua bila papara, akatoa gari, akarudisha geti, akaja kunipa mkono akicheka.

Mnyororo alikuwa ameuacha chini. Nikamrudisha.