Mikono Kabla ya Maswali

Ni haki kweli kumpa mtoto imani kabla hajajua kuikataa? Marafiki zangu wengi hapa Kisumu husema hapana: mwache akue, atachagua mwenyewe. Mimi niliacha chuo ili nichague njia yangu, kwa hivyo ungedhani ningewaunga mkono. Siwaungi.

Hebu waangalie Abayudaya, Wayahudi wa Mbale. Si mbali: unavuka mpaka Busia, unapita Tororo, umefika. Jamii yao ilianza 1919, pale Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, alipotahiriwa pamoja na wanawe na kuamua kuifuata Torati. Miaka ya 1970 Idi Amin akapiga marufuku dini hiyo. Wengi waliiacha. Wachache wakaishika kwa siri.

Sasa jiulize: dini ikifukuzwa hadharani, inabaki wapi? Inabaki nyumbani, kwenye mambo ambayo hata mtoto asiyejua kusoma anaweza kushika. Uyahudi umejaa mambo hayo. Kuna unga wa mkate wa Sabato unaosukwa kama nywele. Kuna kibanda cha sikukuu ya Sukoti, ambacho paa lake ni matawi au matete, si mabati, na desturi ni kwamba ukilala humo uone nyota. Mtoto anayepitisha tete juu ya paa hilo anajua, bila mahubiri, kwamba wazee wake waliwahi kuishi jangwani bila nyumba ya kudumu.

Lakini hatari iko hapo hapo. Mkono hauhoji. Mpe mtoto wa miaka mitano gundi, karatasi na rangi, ataipenda nyota utakayomkatia, na msalaba, na mwezi, na sura ya mwanasiasa pia. Tumeona watoto wakivishwa rangi za chama kabla ya kujua kuandika majina yao.

Kinachotofautisha malezi na ulaghai, kwangu mimi, ni swali. Usiku wa Pasaka ya Kiyahudi, mtoto mdogo kuliko wote mezani ndiye hupewa kazi ya kuuliza kwa nini mambo yanafanywa tofauti usiku huo. Wakubwa hawana budi kumjibu. Na yule aliyeachwa mikono mitupu ati achague? Huyo atafundishwa na TikTok, na TikTok haimsubiri aulize.

Mpwa wangu ana miaka sita. Anajifunza kusuka mkeka wa mafunjo ya Dunga kando ya mamangu, anayemwita dani. Juzi aliuliza kwa nini wanajisumbua na mikeka ya plastiki imejaa sokoni.

“Nyathina,” mamangu akamwambia, “mimi nilifundishwa na mama yangu, na sikutaka ikome kwangu. Ukikua ukaona haikufai, iache. Lakini uiache ukiijua.”