Zimwi lililowajua ndilo lililowamaliza

Mwaka mmoja nilikuwa safarini kwa basi kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Ulikuwa msimu wa uchaguzi, na kijana aliyekaa kando yangu alikuwa na hoja moja tu. "Mzee wangu," aliniambia, "mimi nampa kura mwenzetu. Hata akila, ni wetu. Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

Tulipofika Mackinnon Road, pale ambapo wasafiri wengi husimama kuswali katika msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali, akaniuliza huyo Mackinnon alikuwa nani. Nikamweleza nilichokijua: William Mackinnon, tajiri wa meli, mzaliwa wa Campbeltown, Scotland, mwaka 1823, ambaye kampuni yake ilipewa hati ya kifalme ya Uingereza mwaka 1888 kuja kutawala na kufanya biashara katika sehemu hii ya Afrika Mashariki. Kijana akacheka. "Kumbe hao Waskoti ni mabwana tangu asili!"

Hapo ndipo nilipoona kwamba maneno yake mawili, lile la zimwi na hili la mabwana, yanajibiwa na kisa kimoja. Maana katika nchi hiyo hiyo ya Mackinnon, wakulima maelfu kwa maelfu walitolewa katika ardhi ya babu zao. Na aliyewatoa, mara nyingi, hakuwa mgeni. Alikuwa mwenzao.

Mpenzi msomaji, tukitazame kisa hicho kwa utulivu, kwani ndani yake limo swali zito: je, undugu wa kiongozi ni dhamana ya haki?

Kaskazini mwa Scotland kuna nchi ya milima na mabonde ambayo watu wake walizungumza Kigaeli na kuishi kwa koo. Neno lenyewe "clan", ambalo sisi tunalifasiri kuwa ukoo, limetokana na neno la Kigaeli lenye maana ya watoto. Mkuu wa ukoo alihesabiwa kuwa baba. Wakulima walilima vishamba vya pamoja, wakafuga ng'ombe weusi wa kuuza minadani, na wakati wa kiangazi wakapanda na mifugo malishoni milimani. Walimlipa mkuu kodi, nyingine kwa mazao na kazi, na zaidi ya yote walimpa vijana wao pale alipohitaji jeshi. Wao waliamini kwamba kwa malipo hayo walikuwa na haki ya kudumu katika ardhi ile. Haki hiyo haikuandikwa popote. Ilikaa katika mila na katika imani yao kwa mkuu.

Sisemi kwamba ilikuwa pepo. Wakuu wengi walikuwa na mahakama zao wenyewe, wakawa wadai na mahakimu kwa wakati mmoja. Lakini palikuwa na kitu tunachokifahamu vizuri katika lugha yetu: amana. Mkuu alishika ardhi kwa niaba ya watu wake, nao wakamshikia silaha.

Mwaka 1745 ukaja mtihani. Charles Edward Stuart, mjukuu wa mfalme aliyeondolewa madarakani mwaka 1688, aliwasili kutoka Ufaransa kudai kiti cha ufalme kwa ajili ya baba yake. Agosti 19 bendera yake ilipandishwa Glenfinnan. Wapo waliomfuata kwa mapenzi. Wapo pia ambao wakuu wao waliwapa chaguo moja: njoo vitani au nyumba yako ichomwe na ng'ombe wako wachukuliwe. Na tusidhani vilikuwa vita vya Scotland na Uingereza tu, kwani koo nyingine zilisimama na serikali, na zipo familia zilizogawanyika.

Mwanzo walishinda. Septemba waliwavunja askari wa serikali huko Prestonpans, na Desemba wakafika Derby, ndani kabisa ya Uingereza. Hapo wakuu wakaona msaada waliotarajia haupo, wakarudi nyuma. Aprili 16, 1746, katika uwanja wa Culloden karibu na mji wa Inverness, mambo yakaisha. Saa moja haikutimia. Upande wa waasi walikufa watu kiasi cha 1,500, upande wa serikali kiasi cha 50.

Yaliyofuata ni dhulma ya mshindi, nayo haikuwa ndogo. Majeruhi waliuawa uwanjani. Kamanda wa serikali, Duke wa Cumberland, mtoto wa mfalme, akapata jina la Mchinjaji. Vijiji vikachomwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu na kuuzwa, na kwa mkulima wa milimani ng'ombe ndiye aliyekuwa benki yake. Sheria ikawapokonya silaha. Sheria ikapiga marufuku vazi lao la mirabamiraba: anayekamatwa mara ya kwanza jela miezi sita, mara ya pili anapelekwa ng'ambo miaka saba. Marufuku hiyo ilidumu mpaka mwaka 1782.

Sasa tazama walivyofanya wanyonge hao. Serikali ilitangaza zawadi ya pauni 30,000 kwa atakayemtoa Charles. Kwa mtu anayelala na ng'ombe wake chini ya paa moja, fedha hiyo ilikuwa haihesabiki. Charles alitangatanga milimani na visiwani kwa miezi mitano, akiwa mikononi mwa watu fukara, na hakuna aliyemuuza. Mkuu wa ukoo wa Macpherson alifichwa na watu wake kwa miaka tisa. Huko Appin, wapo waliolipa kodi mara mbili: moja kwa serikali iliyotaifisha ardhi, nyingine wakamchangia mkuu wao aliyekuwa uhamishoni. Hawa walitimiza amana yao, na wakapitiliza.

Je, walilipwa nini?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Katika sheria zilizopitishwa baada ya Culloden, ipo moja ambayo haikumwaga damu lakini ilikata mzizi. Ilifuta mahakama za wakuu, na wenye mahakama hizo wakalipwa fidia kwa fedha taslimu. Mkulima hakulipwa kitu, kwani hakuna aliyefikiri kwamba naye alikuwa na chake ndani ya mpango ule. Tangu hapo mkuu hakuhitaji tena jeshi la vijana. Alihitaji fedha ili aishi Edinburgh na London kama mabwana wenzake. Baba wa ukoo akawa mwenye shamba, na watoto wakawa wapangaji. Mwaka 1784 ardhi zilizokuwa zimetaifishwa zilirudishwa kwa warithi wa wakuu walioasi. Kwa wakulima hakikurudi kitu.

Kisha wakaja kondoo. Wafugaji wa kusini walikuwa tayari kulipa kodi kubwa kwa mabonde yale yale, kwa sharti kwamba yawe matupu. Mwaka 1792 wakulima wa Ross walijaribu kuwaswaga kondoo hao watoke katika nchi yao, wakazimwa na wanajeshi. Huko Sutherland, mwaka 1814, wakala wa shamba, Patrick Sellar, aliwatoa watu wa bonde la Strathnaver huku nyumba zikichomwa. Alishitakiwa mwaka 1816, akaachiwa huru. Watu wakasukumwa ufukweni kwenye vipande vya ardhi visivyotosha, ili walazimike kuchoma mwani, ambao majivu yake yaliuzwa viwandani na faida ikaenda kwa mwenye ardhi. Vita vya Napoleon vilipokwisha mwaka 1815, biashara ile ikaanguka, na waliokuwa wakizuiwa wasihame sasa wakahimizwa wapande meli kwenda Canada na Australia.

Msomaji anaweza kusema: hayo ni matokeo ya kushindwa vita. Mimi sikubaliani, na ushahidi wangu ni Sutherland yenyewe. Mtawala wa Sutherland mwaka 1745 alikuwa upande wa serikali! Watu wake hawakuasi, na vijana wao baadaye walijaa katika kikosi cha mfalme. Bado walitolewa. Culloden ilifungua mlango, lakini haikuwalazimisha wakuu kuupita.

Na wengine waliupita wakiwa wamevaa vazi la ukoo. MacDonell wa Glengarry aliunda mwaka 1815 chama cha kuenzi mila za milimani, akijivika mirabamiraba na silaha za mababu, wakati wapangaji wa ukoo wake wakiondoshwa katika ardhi yake. Alikumbatia nguo za watu wake, akawatupa watu wenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga wetu.

Lazima nitoe haki kwa upande wa pili. Wenye ardhi walikuwa na hoja: ardhi ilikuwa duni, watu walikuwa wameongezeka, madeni yalikuwa mengi, na njaa ilikuja kweli, kama ilivyothibitika pale viazi vilipooza mwaka 1846. Yawezekana maisha ya zamani yasingedumu kwa hali yoyote. Lakini kusema mabadiliko hayaepukiki si jibu la swali la nani anabeba gharama yake na nani aliulizwa. Aliyebeba ni yule aliyekwisha kutoa mtoto wake vitani. Na hakuulizwa.

Kilichokuja kuwaokoa waliobaki haukuwa undugu. Mwaka 1882, huko Braes katika kisiwa cha Skye, wapangaji waligoma kulipa kodi wakidai malisho yao. Polisi kiasi cha 50 wakaletwa kutoka Glasgow, wakapokewa kwa mawe, na wanawake walikuwa mstari wa mbele. Serikali ikaunda tume mwaka 1883, na mwaka 1886 ikapitishwa sheria iliyompa mkulima mdogo haki ya kutofukuzwa ovyo, kodi ya haki, na kumrithisha mwanawe. Ilichukua miaka 140 tangu Culloden, na mabonde yaliyokwisha kuachwa matupu hayakurudishwa. Lakini kwa mara ya kwanza haki ya mkulima ilikuwa katika maandishi na si katika moyo wa mkuu.

Nilimsimulia kijana yule kisa hiki kwa ufupi, basi likiwa limeshapita Voi. Alinyamaza, kisha akauliza: "Sasa mzee, tumchague nani? Asiye wetu?" Swali lake lilikuwa la haki. Nikamwambia sijasema hivyo. Mgeni naye anaweza kuwa zimwi, na Cumberland hakuwa mwenzao. Ninachosema ni kwamba "ni wetu" si jibu, ni mwanzo wa maswali. Huyu mwenzetu, akivunja amana, tunaweza kumshika kwa lipi? Tulichokubaliana naye kimeandikwa wapi? Na siku atakayopata wa kumlipa zaidi ya tunavyomlipa sisi, ni kipi kitakachomzuia?

Watu wa milimani hawakujiuliza hayo, kwa sababu kumuuliza baba maswali kama hayo kulionekana utovu wa adabu. Walimpa mkuu uaminifu usio na masharti, naye akaugeuza kuwa hati ya kumiliki. Uaminifu wao ulikuwa mzuri, nami siwalaumu kwa kukataa pauni 30,000. Lakini uaminifu wa upande mmoja humfundisha mkubwa kwamba hadaiwi kitu.

Zimwi lile liliwajua kwa majina, liliwajua mpaka babu zao. Likawala likawamaliza.