Je, Mashindano ya Biashara ni Mema?

Wazee wetu walituachia methali mbili ambazo, zikitazamwa pamoja, huonekana kama zinapingana. Ya kwanza husema kuwa vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Ya pili husema kuwa wapiganapo tembo, nyasi huumia. Katika methali ya kwanza mtazamaji hufaidi ugomvi wa wengine. Katika ya pili huumizwa nao. Basi mtu akiulizwa kama mashindano ya wafanya biashara ni mema au mabaya, hawezi kujibu kwa haki mpaka ajue kwanza ni nani kunguru na ni nani nyasi. Na tulipime swali hili kwa mfano wa siku zetu, nao ni magari ya umeme.

Gari la umeme si jambo geni. Mwaka 1899 gari la betri lilikuwa la kwanza barabarani kupita mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Hata hivyo petroli ilishinda, kwa kuwa betri za zamani zilikuwa nzito na ziliishiwa nguvu mapema. Udhaifu huo ulidumu zaidi ya karne. Nissan Leaf, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010, ilipimwa Marekani ikaonekana kwenda kilomita 117 tu kwa kuchajiwa mara moja. Tesla Model S ya mwaka 2012 ilikwenda mbali zaidi, lakini bei yake ilikuwa ya matajiri. Ndipo zawadi ya mashindano ilipojulikana kwa wote: nani atauza gari lendalo mbali kwa bei ambayo mtu wa kawaida aiweza? General Motors ilitoa Chevrolet Bolt mwishoni mwa mwaka 2016, nayo ikaenda kilomita 383. Tesla ikafuata na Model 3 mwaka 2017. Kisha wakaja Wachina kwa kishindo. BYD, iliyoanzishwa mjini Shenzhen mwaka 1995 kwa kazi ya kutengeneza betri, mwaka 2025 iliuza magari yaendeshwayo kwa umeme peke yake mengi kuliko Tesla.

Hapana shaka kwamba katika habari hii mnunuzi alikuwa kunguru. Lililokuwa haliwezekani liliwezekana katika muda usiotimia miaka kumi, wala si kwa sababu wenye viwanda waliwahurumia watu wa kipato kidogo. Kila mmoja aliogopa kuachwa nyuma. Mwenye duka aliye peke yake kijijini hupanga bei apendavyo na kufungua mlango apendapo. Lakini duka la pili likifunguliwa mkabala wake, huamka mapema, akafagia baraza, akajifunza hata kusalimu.

Lakini nyasi nazo zipo. Nchini China mashindano ya bei yalizidi kiasi, hata mwaka 2025 serikali yenyewe ikayakemea. Kampuni zilipunguza bei ili zipate wanunuzi, huku zikiwachelewesha kwa miezi mingi wale waliowauzia vipuri bila kuwalipa. Mwezi Juni mwaka huo kampuni kubwa ziliahidi kulipa madeni hayo katika siku 60. Hivyo sehemu ya bei rahisi aliyoifurahia mnunuzi ilikuwa imebebwa na mtu mwingine ambaye hakuwamo mashindanoni. Tena katika jimbo la Lualaba, nchini Kongo, huchimbwa madini ya kobalti yatumikayo katika betri za aina nyingi. Zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia hutoka nchini humo, na baadhi yake imechimbwa kwa mikono, katika mashimo ya hatari, hata na watoto.

Hapa pana jambo la kufikiri sana. Magari mengi siku hizi hutumia betri za chuma na fosfati, zisizohitaji kobalti hata kidogo. Je, watengenezaji waliziingia betri hizo kwa kumwonea huruma mtoto wa Kolwezi? Yamkini wako waliomfikiri. Lakini sababu kubwa ni kwamba betri hizo ni rahisi. Mashindano yaliyomtia mchimbaji shimoni ndiyo hayo hayo yaliyopunguza haja ya shimo lake. Hayakuwa na ukatili hapo kwanza, wala hayakupata rehema baadaye. Yalifuata faida tu, kama Mto Lwakhakha ushukavyo kutoka Mlima Elgon kufuata mteremko. Mto hauchagui kunywesha shamba wala kubomoa ukingo. Mwenye kuchimba mfereji na mwenye kupanda miti ukingoni ndio wenye kuchagua.

Basi lawama na sifa haziyahusu mashindano yenyewe. Zinawahusu wale waiwekao zawadi na wale watungao sheria za mchezo. Jambo hili linatuhusu sisi tukaao Lwakhakha, mpakani mwa Kenya na Uganda. Kwetu chombo cha umeme kilicho karibu na uwezo wa kijana ni pikipiki ya bodaboda, na kampuni kama Roam, Ampersand na Spiro zinashindana kuziuza nchini Kenya. Baadhi yake hutumia vituo ambapo mwendeshaji huacha betri iliyokwisha nguvu akachukua iliyojaa. Jambo hili ni jema, maana sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutoka katika mvuke wa ardhi, maji na upepo. Lakini betri ya kampuni moja aghalabu haiingii katika pikipiki ya nyingine. Kijana akikopa fedha kununua pikipiki kwa sababu bei yake ni ndogo, kisha kituo cha karibu kikafungwa, atabaki na chuma kisichokwenda na deni lisilosimama. Tena wauzaji hukimbilia penye wanunuzi wengi, yaani Nairobi na Mombasa. Mwenye kupandisha gunia la kahawa milimani ana fedha chache, na kwa hiyo sauti yake ni ndogo katika kuiweka zawadi. Hapo ndipo sheria ipaswapo kumsemea, kwa mfano kwa kuzitaka kampuni zote zitumie betri za namna moja.

Watu wengine husema kuwa mnunuzi hana wajibu ila kutafuta bei iliyo nafuu. Maskini hawezi kulaumiwa kwa kununua cha rahisi, na hilo ni kweli. Lakini kutolaumiwa si sawa na kutofikiri. Ninyi vijana mnaosoma leo ndio mtakaokuwa wanunuzi, wauzaji na watunga sheria wa kesho. Kila mtakapoonyeshwa bei ndogo, ulizeni mambo matatu. Je, imekuwa ndogo kwa akili ya mtengenezaji, au kwa jasho la mtu asiyelipwa? Je, mnunuzi anabaki huru baada ya kununua? Na je, aliye mbali na mwenye fedha chache amekumbukwa? Majibu yakiwa mema, na tuwaache washindane kwa nguvu zao zote, nasi tuwashangilie. Yakiwa mabaya, msikubali kuitwa kunguru huku mkikanyagwa kama nyasi, wala msifurahie karamu iliyoandaliwa juu ya mgongo wa mwingine.