Adui Asiyepambwa

Fungu la kukariri: 1 Wakorintho 15:26

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mwanzo 2:7, Marko 14:32–42, Yohana 11:1–44, 2 Wakorintho 5:1–10, Wafilipi 1:21–24, 1 Wathesalonike 4:13–18, Waebrania 5:7.

Tarehe 26 Aprili 1955 msomi wa Agano Jipya kutoka Ulaya alisimama katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kutoa mhadhara. Jina lake aliitwa Oscar Cullmann. Alikuwa Mlutheri, mzaliwa wa Strasbourg, na wakati huo alikuwa akifundisha Basel nchini Uswisi na Paris nchini Ufaransa. Mhadhara wenyewe ulikuwa na historia yake. Ulianzishwa kwa wosia wa mwanamke aliyetaka baba yake akumbukwe, na mada iliwekwa tangu mwanzo: kutokufa kwa mwanadamu. Aliyealikwa alitazamiwa kuzungumzia hilo.

Cullmann alilizungumzia, lakini aliligeuza kuwa swali. Je, Agano Jipya linafundisha kutokufa kwa nafsi, au ufufuo wa wafu? Akajibu kwamba hayo si majina mawili ya tumaini moja. La kwanza lilitoka kwa wanafalsafa wa Uyunani, la pili lilitoka kwa mitume, na Mkristo anayeyachanganya hajui tena anangojea nini. Mwaka 1958 mhadhara huo ulitolewa kwa Kiingereza kuwa kitabu chenye swali hilo hilo kwa jina lake. Ni kitabu chembamba, mtu hukimaliza jioni moja. Katika miaka hiyo hiyo, na katika chuo kile kile cha Basel, Karl Barth alikuwa bado anatoa majuzuu yake manene juu ya mafundisho ya kanisa. Kijitabu cha Cullmann hakikuwa na uzito wa majuzuu hayo mkononi, lakini kiliwagusa watu mahali panapouma, kwa maana kila msomaji alikuwa amezika mtu.

Vifo viwili

Cullmann hakuanza na orodha ya mafungu. Alianza kwa kuweka vifo viwili kando kwa kando.

Cha kwanza ni cha Socrates, aliyehukumiwa kifo huko Athene mwaka 399 K.K. Mwanafunzi wake Plato alikieleza. Siku yake ya mwisho Socrates aliitumia akizungumza na marafiki zake kwa utulivu, akiwathibitishia kwamba nafsi haifi, na kwamba mwili ni kama gereza ambalo kifo hulifungua. Walipomletea kikombe cha sumu alikipokea bila mkono kutetemeka, akanywa. Marafiki walipoangua kilio aliwakemea. Kwake kifo kilikuwa rafiki anayefungua mlango.

*Soma Marko 14:32–42. Yesu alikuwa katika hali gani usiku ule? Aliwaomba nini wanafunzi wake, na alimwomba nini Baba?*

Tofauti ni kubwa, na Wakristo wengi huipita haraka kana kwamba inawaaibisha. Yesu anafadhaika. Anahuzunika kiasi cha kufa. Hataki kuachwa peke yake. Mara tatu anarudi kwa watu watatu wasioweza hata kukesha. Anaomba kikombe kimwepuke. Waebrania 5:7 inaongeza jambo ambalo Marko hakulitaja, kwamba kulikuwa na kilio kikuu na machozi.

Je, Socrates alikuwa jasiri kuliko Mwana wa Mungu? Cullmann alijibu kwamba la, na jibu lake ndilo moyo wa kitabu. Yesu alitetemeka kwa sababu alikijua kifo jinsi kilivyo. Hakukihesabu kuwa mlango wala rafiki. Kifo humtenga mtu na Mungu atoaye uhai. Ni adui wa Mungu mwenyewe, kama Paulo anavyokiita katika fungu la kukariri la juma hili. Yesu asingeweza kumshinda adui huyo kwa kuendelea kuishi kama nafsi isiyoguswa, huku mwili tu ukilala kaburini. Ilimpasa kufa kweli. Na kama amekufa kweli, basi uhai ukirudi ni tendo jipya la Mungu, tendo la kuumba.

Hapo Mwanzo 2:7 inapata uzito wake. Mungu hakuchukua nafsi iliyokuwa tayari mahali fulani akaifungia katika udongo. Aliumba mwili, akapulizia pumzi, na mtu akawa nafsi hai. Mwili ni kazi ya mikono yake, naye hakuukusudia uwe gereza. Kwa hiyo wokovu hauwezi kuwa kuuacha mwili. Ni Mungu kuufufua.

Msomi huyo alikumbusha pia mchoro ulioko Colmar, mji ulio njiani kati ya Strasbourg alikozaliwa na Basel alikofundisha. Mchoraji Matthias Grünewald aliufanya mwanzoni mwa karne ya 16 kwa ajili ya watawa wa Isenheim waliowahudumia wagonjwa wenye maradhi ya kutisha ya ngozi na viungo. Kristo wa msalabani humo hakupambwa hata kidogo: ngozi imejaa vidonda, vidole vimekakamaa, mwili ni wa maiti kweli. Lakini katika ubao mwingine wa kazi hiyo hiyo, mwili ule ule unatoka kaburini uking'aa. Hoja ya Cullmann ilikuwa kwamba mchoraji aliyekiremba kifo asingeweza kuuchora ufufuo. Wagonjwa wale waliletwa mbele ya picha hiyo. Yaelekea walielewa bila kuhitaji mhadhara.

Barua za hasira

Kitabu kilipotoka, na hata kabla yake, sehemu za hoja hiyo zilipochapishwa Ulaya, barua zilimiminika. Cullmann aliandika kwamba hakuna kazi yake nyingine iliyopokewa kwa furaha kubwa namna hiyo na kwa uadui mkali namna hiyo. Wengine walimwona kama mtu anayewanyang'anya wafiwa faraja yao ya mwisho. Yeye alitambua jambo moja: waliomshambulia hawakujaribu kumjibu kwa kuyafafanua Maandiko, ilhali hoja yake yote ilisimama juu ya Maandiko. Walisema iliwauma, nayo kweli iliwauma. Lakini kuumia si ufafanuzi wa Biblia.

Darasa la Shule ya Sabato lisiwacheke watu hao. Mama aliyeambiwa kwa miaka ishirini kwamba mtoto wake anamtazama kutoka juu hawezi kuachilia wazo hilo kwa sababu profesa ametoa mhadhara. Atakayemwambia kweli na awe tayari kukaa naye kwanza.

Asidaiwe asichosema

Waadventista walikuwa wameyafundisha mambo haya zaidi ya miaka mia moja kabla ya siku ile ya Harvard, mara nyingi wakidharauliwa kwa ajili yake. Ni rahisi kuelewa furaha yao mlutheri mwenye jina kubwa aliposema hadharani kwamba nafsi isiyokufa si tumaini la mitume. Katika miaka ya 1965 na 1966 mwanahistoria wa Kiadventista LeRoy Edwin Froom alitoa majuzuu mawili makubwa akikusanya mashahidi wa karne zote waliopinga fundisho la nafsi isiyokufa. Kukusanya mashahidi ni kazi nzuri. Ila shahidi asikilizwe mpaka mwisho wa maneno yake.

Cullmann hakufika mahali Waadventista walipo. Alikubali kwamba waliokufa katika Kristo wamelala na wanangojea, na kwamba hakuna aliyepokea mwili wa ufufuo isipokuwa Kristo. Lakini aliona, kwa kutumia Wafilipi 1:23 na 2 Wakorintho 5, kwamba katika usingizi huo wako karibu na Kristo kwa njia ya pekee, kwa sababu Roho Mtakatifu ameshamshika mtu wa ndani. Hilo kwake halikuwa nafsi isiyokufa kwa asili. Lilikuwa kazi ya Roho. Hata hivyo si sawa na kusema kwamba wafu hawajui neno lolote.

*Soma Wafilipi 1:21–24 pamoja na 1 Wathesalonike 4:16, 17. Paulo anasema atakuwa pamoja na Bwana lini na kwa njia gani?*

Wathesalonike inatoa saa: Bwana anashuka, wafu wanafufuliwa, ndipo wanakuwa pamoja naye. Aliyelala hahesabu usiku. Kwa Paulo, baada ya kufumba macho kwa upanga wa Rumi, kitakachofuata katika fahamu zake ni uso wa Kristo, na kwa hiyo angeweza kuyataja mambo hayo mawili kwa pumzi moja. Huo ndio usomaji wa Waadventista, nao unaweza kutetewa vizuri. Usitetewe kwa kumkata Cullmann nusu na kuificha nusu ya pili. Mgeni darasani akikisoma kitabu mwenyewe na kukuta kurasa zilizorukwa, atauliza ni nini kingine kilichorukwa.

Usingizi na machozi

Kuna jambo ambalo kijitabu hiki kinawaambia Waadventista wenyewe, na pengine ndilo la maana zaidi kwao. Mtu anaweza kulijua fundisho la hali ya wafu fungu kwa fungu na bado akafa kama Socrates. Husema, “Amelala tu,” kwa sauti ya mtu aliyemaliza hesabu, kisha humshangaa mjane anayelia. Hapo neno la Biblia, *usingizi*, limefanya kazi ya Plato: limekifanya kifo kuwa kidogo.

*Soma Yohana 11:11–14, kisha mstari wa 33 hadi wa 38. Yesu anatumia maneno gani mawili kueleza hali ya Lazaro? Kwa nini analia, akijua atakalofanya baada ya dakika chache?*

Yeye mwenyewe alisema Lazaro amelala. Wanafunzi walipolichukua neno hilo kwa wepesi, aliwaambia waziwazi kwamba amekufa. Halafu, akiwa njiani kuelekea kaburini, akiwa na uwezo wote wa kulifungua, akalia. Hakumwambia Mariamu anyamaze. Wala Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Aliwakataza huzuni ya wasio na tumaini.

Huku kwetu mtihani wa fundisho hili haufanyiki darasani, unafanyika msibani. Mwisho wa kila tangazo na kila hotuba husikika ombi kwamba Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema peponi. Mzee wa kanisa anapokabidhiwa kipaza sauti, ndugu wa marehemu wakiwa wamemzunguka, wengine si Waadventista, atasema nini? Akilirudia ombi hilo kwa mazoea, amesema asichokiamini. Akiligeuza kuwa mada ya mabishano kando ya jeneza, amemsahau Mariamu. Kati ya makosa hayo mawili kuna maneno machache ya kweli, nayo yatafutwe kabla ya siku ya msiba, si siku hiyo.

Katika kitabu chake cha mwaka 1946 juu ya Kristo na wakati, vita kuu ikiwa imemalizika mwaka uliotangulia, Cullmann alitoa mfano ambao wasomaji wa Ulaya hawakuhitaji kuelezwa. Vita huweza kuamuliwa katika pambano moja, na bado watu wakaendelea kupigana na kufa kwa miezi mingi kabla ya siku ya ushindi kutangazwa. Pambano la kuamua lilikuwa msalaba na kaburi tupu. Siku ya ushindi ni marejeo ya Kristo. Wafu wa katikati ni wafu kweli.

Maswali ya kujadili

1. Msiba wa mwisho ulioshiriki: ni maneno gani yaliyosemwa juu ya marehemu ambayo Biblia isingeyasema? Wewe ulisema nini?

2. Je, umewahi kumnukuu mwandishi wa kanisa lingine kwa sababu anakubaliana nawe, bila kujua alikwenda wapi baada ya hapo? Darasa lifanye nini linapogundua hivyo?

3. Andikeni kama kikundi sentensi tatu ambazo mzee wa kanisa lenu angeweza kusema kaburini mbele ya familia isiyo ya Kiadventista. Zisomeni kwa sauti mbele ya mtu aliyefiwa mwaka huu, naye aseme ni ipi ingeondolewa.