Ndege Ikidunda

Keti, mwanangu. Kahawa ingali moto. Tazama jahazi lile linavyoingia Bandari ya Kale, polepole, maji yakilileta.

Nimesikia umeanza urubani. Nami nilijifunza nilipokuwa rika lako, hapo ng'ambo ya Makupa. Siku moja ya kusi nilikuwa natua na Cessna ndogo, peke yangu. Ndege ile hutaka noti kama 65 inapokaribia chini. Mimi nilikuja na 80. Nilikuwa na haraka. Huku Mji wa Kale kulikuwa na harusi ya binamu yangu.

Magurudumu yaligusa, ndege ikadunda. Nikaona haya, nikaisukuma pua chini. Ikadunda tena, juu zaidi. Mara ya tatu ikapiga kwa gurudumu la mbele. Kishindo kile nakisikia hadi leo.

Ikidunda, mwanangu, usishindane nayo. Tia nguvu zote za injini, paa, zunguka, uje upya. Njia ya kurukia ya uwanja wa ndege wa Moi ina zaidi ya kilomita 3, na anga haijai. Harusi itakungoja.

Lakini kosa langu kubwa si hilo. Nilishuka, nikaitazama ndege, nikaiona imesimama sawa. Nikaifunga kamba, nikaenda kula pilau. Sikumwambia mtu.

Asubuhi fundi alifunua injini. Ule ukuta wa bati ulio mbele ya miguu ya rubani ulikuwa umekunjamana. Mwanafunzi mwenzangu alikuwa ameshafunga mkanda. Fundi alinitazama tu, wala hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Mei 1931 rubani mmoja wa zamani, Denys Finch Hatton, alitua Vipingo, kipande cha tumbawe kikaimega rafadha ya ndege yake. Akapiga simu ya maandishi Nairobi aletewe nyingine. Siku chache baadaye aliangukia Voi, akafa. Anga haimwahidi mtu. Ila rafadha ile hakuificha.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Nawe ukificha maradhi ya ndege, kilio huenda kikawa cha nyumba ya mwenzio.

Basi siku utakayotua vibaya, na itakuja, mwambie fundi kabla hujafungua mkanda. Kisha nipigie mimi, hata usiku wa manane. Sitakuuliza kwa nini.