Usiitupe Dawa ya Sonona Kabla Hujasema

Ndugu yangu wa Uchindile, uliyeandikiwa dawa ya sonona, nataka ulijue hili leo: maudhi hutangulia, nafuu hufuata. Ukimeza amitriptilini, mdomo unaweza kukauka, choo kikawa kigumu, na usingizi ukakulemea hadi asubuhi. Fluoksetini huleta kichefuchefu, kichwa kuuma au kukosa usingizi. Nafuu yenyewe huchukua wiki 2 hadi 6. Katika wiki hizo ndipo wengi huacha dawa, wakiamini imewazidishia ugonjwa, kumbe ndiyo kwanza inaanza kazi.

Wewe usiache! Maudhi mengi hupungua mwili ukizoea, na mengine unaweza kuyapunguza mwenyewe. Amitriptilini imeze usiku. Fluoksetini asubuhi, ukishakula. Kunywa maji mara kwa mara, ongeza mboga za majani na papai. Ukiamka, kaa kwanza kitandani ndipo usimame, maana kizunguzungu huangusha. Kama unafanya kazi kwenye mashamba ya misonobari, usishike msumeno wa mashine ukiwa na usingizi wa dawa. Na ulanzi, tafadhali, uache kabisa.

Kuna maudhi ambayo watu huyaficha: hamu ya tendo la ndoa kupungua. Baba, mama, lisemeni bila haya. Daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa, lakini hawezi kutibu asichoambiwa.

Mkojo ukiziba, moyo ukienda mbio, ukizimia, au mawazo ya kujiua yakikujia, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyo hiyo. Familia zenye kijana anayeanza dawa, kaeni naye karibu wiki za mwanzo, na vidonge mvitunze nyie. Amitriptilini ikizidi huua.

Wahudumu wa zahanati na wa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko kule Ifakara, mgonjwa wa Uchindile atarudi kwake kwa treni ya TAZARA, mbali nanyi. Mwambieni maudhi yote kabla hajaondoka, kwa lugha ya nyumbani, na mpeni namba ya kupiga.

Nawe ukipata nafuu, usijiachishe. Dawa huendelea kwa miezi kadhaa baada ya kupona, kisha hupunguzwa polepole na daktari. Vidonge vikibaki vya wiki moja, anza safari ya kufuata vingine.