NILIACHA OFISI NIKAFUATA BARABARA

Kijana mwenzangu, usiitupe karatasi hii! Najua umepewa ukiwa unapita zako. Labda ni pale Mwanga, labda uko Kibirizi unasubiri boti, labda uko stendi na begi begani na nauli ya kwenda tu. Isome kwanza. Si ndefu. Ukimaliza, ukitaka fungia karanga.

Mimi nilikuwa karani. Miaka mitatu nilikaa kwenye meza moja karibu na bandari ya Kigoma nikiandika hati za mizigo. Saruji inakwenda Burundi, unga unavuka ziwa kwenda Kongo, dagaa na mawese yanakwenda Dar. Kila kitu kilisafiri, mimi nilibaki. Unajua wanavyotuita: Mwisho wa Reli. Reli ilifika hapa mwaka 1914 ikaishia hapa, na kijana aliyezaliwa hapa anaanza kudhani na yeye ameishia hapa hapa.

Dirishani nilikuwa nawaona madereva. Wanashuka kwenye lori na vumbi la mikoa mitano, wanacheka, wanaagiza migebuka miwili ya kukaanga, wanalipa bila kuhesabu chenji. Mimi nina tai shingoni na deni dukani. Nikajisemea: UHURU NI ULE PALE!

Basi nikaacha. Mzee wangu hakusema na mimi wiki nzima. Majirani wakasema nimerogwa, mtu gani anaacha kalamu akashike spana? Nikaanza chini kabisa, nikawa utingo, naosha lori, nalala juu ya turubai, mpaka nikapata leseni na tajiri mmoja akaniamini na semitrela.

Sasa hapa nisikilize vizuri. KUACHA OFISI HAIKUWA DHAMBI. Kuna walokole wenzangu wanapenda ushuhuda ambao lori ndiyo shetani. Hapana. Udereva ni kazi halali, na nchi hii inakula kwa sababu kuna mtu hakulala usiku. Dhambi sikuikuta barabarani. Nilitoka nayo mezani! Pale ofisini nilikuwa nabadilisha namba kidogo kidogo kwenye hati, mfuko mmoja hapa, mfuko mmoja pale. Kwenye lori nikawa nauza mafuta ya tajiri kwa madumu. Ofisini nilikuwa na msichana mmoja ninayemdanganya, barabarani nikawa nao katika kila mji wenye maegesho. Nilibadilisha kiti tu. Aliyekalia kiti ni yule yule.

Barabara ya kutoka kwetu ni ya zamani kuliko lori. Nenda Ujiji, pale penye kumbukumbu ya Livingstone na miembe. Mwaka 1871 Stanley alimkuta pale baada ya safari ya zaidi ya miezi saba kutoka Bagamoyo. Njia hiyo ya misafara walipita wapagazi waliobeba pembe za ndovu kwa ujira, na walipita watu wenye minyororo wakipelekwa pwani kuuzwa. Vumbi ni lile lile, jua ni lile lile. Ukiwatazama kutoka mbali wote wanasafiri! Lakini mmoja atafika apokee ujira wake, na mwingine yeye mwenyewe ni mzigo wa mtu. Na mimi nilikuwa nimeshika usukani huku nina mnyororo shingoni, na sikuuona.

Nikupeleke Sekenke.

Ukitoka Dar kuja Kigoma kwa njia ya Singida, ukishaipita Singida unakutana na mlima huo unaoshuka mpaka bonde la Wembere. Gari lenye mzigo mahali kama pale linazuiwa na gia ndogo kabla ya breki. Injini ndiyo inayolishika. Lakini kuna ujanja. Dereva mwenye tamaa anatoa gia, gari linashuka frii, na anahesabu mafuta yanayobaki kwenye tangi kama pesa yake. Nilifanya hivyo mara nyingi. Raha yake sitakudanganya: injini inatulia, upepo unaingia, unajiona unaruka.

Siku hiyo nilikuwa na saruji. Utingo wangu alikuwa kijana wa Ujiji, miaka kumi na tisa, mimi ndiye niliyemtoa kwa mama yake nikimwambia atakuwa dereva. Akaniambia, "Kaka, rudisha gia, mzigo ni mzito." Nikamwambia, "Wewe jifunze kwanza kufunga turubai." Tukashuka. Breki zikapata moto, nikasikia harufu. Nikakanyaga tena, mguu ukaenda mpaka chini na hakuna kitu. Nikajaribu kuingiza gia, ikakataa, gari limeshakuwa na mwendo mkubwa.

Nikaligeuzia kwenye ukingo wa mlima ili lisiende bondeni. Likakwaruza mawe, likapunguza mwendo, lakini likawa bado linasogea. Yule kijana akaruka na kabari kwenda kuiweka chini ya tairi, kama nilivyomfundisha. Kabari ikashika. Gari likasimama. Na mguu wake ulikuwa pale.

Mguu huo ulikatwa chini ya goti. Mimi sikupata hata mchubuko.

Mama yake akaja na basi kutoka Kigoma, safari ya usiku na mchana. Nilikuwa nimekaa nje ya wodi. Nilipomwona nikainuka nikimbie, miguu ikakataa. Nilijua kitakachokuja: matusi, laana, au jiwe. Akasimama mbele yangu na kapu lake akaniuliza, "Baba, umekula?"

Umekula!

Alikuwa amebeba ugali na dagaa wa kwetu, sahani mbili. Moja ya mwanawe na moja ya kwangu. Sikuweza kumeza. Nikamwambia, "Mama, gia niliitoa mimi. Mafuta niliyauza mimi. Breki hazikuwa na kosa." Polisi nilikuwa nimewaambia breki ni mbovu. Tajiri nilikuwa nimemwambia hivyo hivyo. Yule mama ndiye mtu wa kwanza kuambiwa ukweli.

Akalia sana. Usidhani walokole hawaumii! Alilia mpaka nesi akaja. Halafu akajifuta na kanga akasema, "Mimi nilisamehewa na Yesu kabla sijajua hata kuomba msamaha. Nitakunyimaje wewe? Kula, kisha twende ukamwambie na mwanangu."

Ndugu yangu, mahubiri nilikuwa nimeyasikia mengi kabla ya hapo. Spika za mkutano wa injili zilinikuta baa mara ngapi! Lakini siku ile, mbele ya sahani ya dagaa, niliona kwa macho jambo ambalo sikuwahi kulihesabu: kuna mtu analipa deni ambalo si lake. Hilo ndilo YESU alilofanya msalabani. Gia uliitoa wewe, yeye akaweka mwili wake chini ya tairi. Soma Warumi 5:8 uone alifanya hivyo wakati sisi tukiwa wa namna gani.

Na kuna mtu katika Biblia aliyeacha ofisi kama mimi. Anaitwa Mathayo, na Lawi. Alikuwa mtoza ushuru Kapernaumu, mji ulio kando ya ziwa, kama ofisi zetu za hapa bandarini. Yesu akapita, akamwita, akainuka akaacha vyote (Luka 5:27-29). Mimi nilikimbia meza nikamfuata nafsi yangu. Mathayo aliacha meza akamfuata MTU. Na angalia alichofanya baadaye: akaandaa karamu nyumbani kwake, akawaita watoza ushuru wenzake wakae meza moja na Yesu. Hakuwaaga marafiki zake kwa majivuno. Aliwapikia.

Niliokoka pale hospitalini. Nikarudi polisi nikasema kweli, nikamwambia na tajiri. Kazi ikaisha, kesi ikaja, faini nikalipa, na mafuta niliyouza nikayalipa kidogo kidogo kwa mwaka na zaidi. Wokovu haukunifutia hesabu hizo. Wala mguu wa yule kijana haukuota tena, na siku nyingine anaponiangalia najua anaukumbuka. Alinisamehe, lakini ilimchukua muda kuliko mama yake, na hakuna aliyemharakisha. Leo ana cherehani yake Ujiji, na kila nikimaliza safari kuna sehemu ya posho yangu inayopita kwake kwanza.

Ndiyo, bado ninaendesha. Tajiri mwingine alinipokea akijua yote. Sekenke nashuka kwa gia ndogo, polepole, wenzangu wananipita wakipiga honi, "Mlokole, utamaliza mafuta!" Sawa, nitamaliza.

Na wewe je? Labda huna gari wala ofisi. Labda unapanga kutoroka nyumbani kwenda Dar, au kuvuka ziwa, ukidhani huko mbele kuna wewe mwingine anakusubiri. Nenda kama safari ni ya halali, sikukatazi. Nakuuliza tu: umebeba nini ambacho hujamwambia mtu? Yesu anawaita wenye mizigo (Mathayo 11:28), na hakuweka sharti kwamba kwanza uitue mwenyewe. Sali sala hii, kwa sauti au moyoni:

"Bwana Yesu, mimi ndiye niliyetoa gia. Sina wa kumsingizia. Nimekosa mbele zako na mbele ya watu, na unawajua kwa majina. Naamini ulikufa kwa ajili yangu, ukafufuka. Nisamehe. Kaa kwenye usukani wa maisha yangu, mimi nitakaa pembeni. Nipe nguvu ya kwenda kusema kweli kwa wale niliowaumiza. Amina."

Umesali? Usiondoke kimya kimya. Mtafute aliyekupa karatasi hii umwambie, au njoo mkutanoni jioni uwaambie wahudumu, watasali na wewe. Kama una kitu cha mtu, kianze kurudi leo kabla hujalala. Na kama wewe ni dereva na unaisoma ukiwa na mzigo, egesha kwanza ndipo usali.